Bwana Janssen na bastola ya kupiga foto mbinguni

Kwa kiangazi, wakati mbingu iko safi na baridi inashika mikono, toka inje usiku uangalie Mwezi ungali mudogo, haujajaa. Kama iko nyota moja karibu yake, upande wa mashariki, hapana kurudi ndani mbio. Kaa. Mwezi unatembea. Kwa saa moja unasogea katikati ya nyota karibu upana wake muzima, na ule upande wake wenye giza, ule macho hayauone, ndio unaotangulia. Nyota inangaa, inangaa, kiisha inakatika. Haififii polepole sawa jua linavyoingia nyuma ya moshi. Inakatika mara moja, sawa lampe ya kichwa mwenzako akiizima chini ya shimo. Juu ya nini? Juu Mwezi hauna hewa. Hakuna kitu cha kupunguza mwanga mbele ya jiwe lenyewe.

Katika inchi nyingi iko watu wanaongojea nafasi ile na kamera. Si maprofesa wote. Iko walimu, mafundi wa umeme, wazee wa pansio. Wanafunga kamera nyuma ya darubini, ile wengine wanaita lunete, na kamera inashika picha 25 ao 30 kwa kila sekunde, na saa inayotoka kwa satelite inaandikwa juu ya kila picha. Hakuna mutu anayewalipa. Wanafanya vile juu Mwezi unakimbia karibu kilometri moja kwa sekunde: ukijua ni katika picha gani nyota ilikatika, unajua ukingo wa Mwezi ulikuwa wapi, pamoja na milima na mabonde yake. Na mara ingine nyota haikatike mara moja, inakatika mara mbili, kipande kiisha kipande. Pale wanajua ile waliyoita nyota moja ni nyota mbili zinazokaa pamoja.

Leo kamera ya namna hiyo inaingia mufukoni. Lakini wazo la kushika jambo la mbinguni kwa foto zinazofuatana upesi upesi, na saa pembeni, lilitoka katika kichwa cha Mufaransa mumoja aliyekufa zamani, muguu wake mubaya, ambaye katika utoto hakukaa kwa masomo hata siku moja. Wasomaji wetu wengi wanajua majina ya waliotengeneza sinema. Huyu aliyewatangulia hawamujui. Tuseme habari yake.

Pierre Jules César Janssen alizaliwa Paris tarehe 22 Februari 1824. Baba yake alikuwa mupigaji wa muziki, mama yake binti ya fundi wa kuchora majumba. Akiwa angali mutoto mudogo, yaya alimwangusha, na toka siku ile alichechemea mupaka kufa. Juu ya muguu ule wazazi hawakumutuma masomoni. Alijifunza nyumbani alivyoweza. Kiisha feza ikapungua katika jamaa, na kijana akaingia kazi ya banki, kuandika hesabu za watu wengine. Alikaa pale miaka mingi.

Wengi wangeishia pale, na si haya. Yeye alisoma usiku. Baka, ile wenzake walipata wakiwa vijana wa miaka 17 ao 18, yeye aliipata mwaka 1849, mutu muzima wa miaka 25. Diploma ya hesabu aliipata mwaka 1852. Alifundisha kidogo kidogo, leo fasi hii kesho fasi ile, pasipo kazi ya kudumu. Mwaka 1857 akapata bahati ya kwenda Peru, Amerika ya Kusini, kupima nguvu ya sumaku ya dunia. Ugonjwa ukamushika vibaya, akarudishwa kwao.

Sasa inakuja habari itakayogusa watu wa fonderi. Kutoka ile safari, Janssen alichukuliwa na jamaa ya Schneider, wenye kiwanda kikubwa cha chuma cha Le Creusot, kufundisha watoto wao. Alipotembea mbele ya matanuru aliona jambo ambalo kila mutu wa kazi ile amekwisha kulisikia mwilini: ukisimama mbele ya chuma kinachotiririka, ngozi ya uso inaungua, unataka kurudi nyuma, lakini jicho lenyewe linaendelea kuangalia. Aliuliza namna gani. Akachukua macho ya wanyama waliochinjwa, akapima ni moto ngapi unaopita ndani. Akaona maji na nyama ngumu ya mbele ya jicho vinakamata karibu moto wote usioonekana, usifike nyuma kule tunapoonea. Kwa kazi ile alifanywa docteri mwaka 1860, akiwa na miaka 36. Tuongeze neno letu: kukamata moto si kuushinda. Mafundi wa kioo na wa chuma cha zamani waliishia na weupe ndani ya jicho juu ya moto ule ule, basi miwani ya kazi ibaki usoni.

Kwa jicho akapita kwa mwanga. Ilikuwa wakati ambapo Wadeuchi wawili, Kirchhoff na Bunsen, walikuwa wameonyesha kwamba kila kitu kikiwaka kina alama yake. Watu wa shaba wanajua: shaba motoni inatoa rangi ya kijani, huwezi kuikosea na chumvi, inayotoa manjano. Ukipitisha mwanga wa Jua ndani ya kioo chenye pembe tatu, unafunguka kama upinde wa mvua, na ndani yake iko mistari myeusi mingi. Kila mustari ni saini ya kitu. Ulizo lilikuwa: saini hizi zote ni za Jua, ao zingine ni za hewa yetu ambamo mwanga ulipita mbele ya kufika?

Janssen hakujibu kwa maneno. Alipanda mulima katika Uswisi kuona kama mistari ingine inapungua kule hewa ni nyepesi. Aliwasha moto mukubwa wa miti kule Nyon, kando ya ziwa, na kuuangalia kutoka Geneva, kilometri zaidi ya 20 mbali, juu mwanga wa kuni hautoki kwa Jua na mistari ikionekana ni ya hewa tu. Kiisha mwaka 1866, katika kiwanda cha gazi cha La Villette, Paris, alijaza mvuke ndani ya bomba la chuma la urefu wa metri 37 na kupitisha mwanga toka mwisho mumoja mupaka mwingine. Mistari ikatokea. Ilikuwa ni saini ya mvuke wa maji.

Mwaka 1868 alitumwa Uhindi, muji wa Guntur. Tarehe 18 Agosti Mwezi ulipaswa kufunika Jua lote kwa muda murefu, zaidi ya dakika tano. Wakati Jua lilipofungwa, zilionekana ndimi za moto mwekundu pembeni, na Janssen akaona katika chombo chake kwamba mistari yao si myeusi, ni yenye kungaa, tena kwa nguvu sana. Ni gazi inayowaka, hidrojeni zaidi. Wengine waliokuwa wanaangalia siku ile waliona vilevile. Lakini yeye akawaza jambo moja zaidi: kama mistari ni yenye nguvu namna hii, sitahitaji kungoja Mwezi. Kesho yake, Jua likiwa wazi kabisa, alielekeza chombo kwenye ukingo wake, akaona ndimi zile zile. Kwa siku 17 alizichora, pasipo Mwezi kumusaidia. Mbele yake kila mutu alingoja miaka kuona ndimi zile kwa dakika chache.

Barua yake ilipita njia ya meli, ilichelewa. Ikafika Paris katika baraza la wanasayansi, Oktoba, siku moja na barua ya Mwingereza Norman Lockyer, aliyepata njia ile ile akiwa kwao pasipo kujua habari ya Uhindi. Watu wawili, bara mbili, jambo moja. Walipaswa kugombana, wakawa rafiki maisha yote. Serikali ya Ufaransa ilipiga medali yenye vichwa vyao viwili.

Ndani ya mwanga ule kulikuwa na mustari mumoja wa manjano ambao haukuwa wa kitu chochote kilichojulikana duniani. Lockyer akasema ni kitu kipya, akakiita heliamu, kutoka jina la Jua kwa Kigriki. Watu walicheka. Mwaka 1895 William Ramsay alikipata London ndani ya jiwe lenye urani. Jiwe lile ni la jamii moja na jiwe jeusi la Shinkolobwe, lile baba zetu walichimba: urani inaoza polepole sana ndani ya mwamba na kuzaa heliamu. Kitu kilichoonekana kwanza kwa Jua kilikuwa kimelala chini ya miguu yetu.

Turudi nyuma kidogo, juu ya habari ambayo Wafaransa wanapenda zaidi. Desemba 1870 Mwezi ulikuwa utafunika tena Jua, na kivuli kitapita Algeria. Lakini Paris ilikuwa imefungwa. Toka Septemba askari wa Prusia walikuwa wamezunguka muji, hakuna kuingia hakuna kutoka, watu wanakula farasi na panya. Wanasayansi wa Uingereza walimutafutia Janssen ruhusa ya kupita katikati ya adui. Alikataa. Hakutaka kuomba njia kwa wale wanaozingira wenzake. Aliomba baluni.

Tarehe 2 Desemba, kungali giza, walipuliza gazi ndani ya baluni iliyoitwa Volta, katika stasio ya treni. Mutu wa miaka 46, muguu mubaya, ambaye hajapanda baluni hata siku moja, akaingia ndani ya kikapu na baharia mumoja ambaye naye hajapanda. Ndani mulikuwa masanduku ya vioo vya darubini, vilivyofunguliwa vipande vipande na kufungwa vizuri visipasuke. Wakapaa juu ya mioto ya askari wa adui. Upepo uliwapeleka mangaribi, kwa kasi ya kutisha, na kulipokucha Janssen aliona mbele yake kitu kinangaa: bahari. Kama wangekawia kushuka wangekwenda kufa majini. Alifungua gazi, wakashuka karibu na Savenay, si mbali na fasi muto Loire unapoingia baharini. Kilometri karibu 400 kwa saa zisizofika sita. Vioo vilikuwa vizima.

Akakimbia na treni, kiisha meli, akafika Oran mbele ya siku. Akapanga vyombo. Tarehe 22 Desemba ikafika.

Mawingu.

Hakuona kitu. Tunajua wasomaji wetu watasikitika. Sisi pia tulipojifunza habari hii kwanza tulifikiri mwandishi amesahau ukurasa. Lakini ni vile. Vita, kikapu, bahari, yote kwa ajili ya wingu. Mwaka uliofuata alikwenda tena Uhindi kwa kivuli kingine, na safari hii mbingu ilikuwa wazi, akaona taji ya Jua vizuri kupita wote.

Sasa tufike kwa ile bastola.

Zuhura, nyota inayongaa sana alfajiri ao magharibi, si nyota ya kweli. Ni dunia ingine inayozunguka Jua ndani ya njia yetu. Mara chache sana inapita sawasawa mbele ya Jua, doa jeusi la mviringo. Inapita mara mbili kwa miaka minane, kiisha zaidi ya miaka mia inapita pasipo kuonekana tena. Ilipita 1761 na 1769. Kiisha 1874 na 1882. Kiisha 2004 na 2012. Ingine itakuwa 2117, na hakuna hata mumoja wetu anayesoma gazeti hili atakayeiona, labda watoto wachanga wakizeeka vizuri.

Doa lile lilikuwa na bei. Kama watu wawili wanasimama mbali sana duniani na kila mumoja anaandika saa kamili ambapo Zuhura iliingia ndani ya Jua, saa zao hazilingane, na kutoka ile tofauti unahesabu umbali wa Jua. Na umbali wa Jua ndio fimbo ya kupimia mbingu yote. Lakini katika 1761 na 1769 jicho lilidanganya. Zuhura ikitaka kuachana na ukingo wa Jua, inafanya kama tone la mafuta linalokataa kuanguka: shingo nyeusi inabaki, inavutika, inakatika, huwezi kusema ni sekunde gani. Watu wawili waliosimama pamoja, darubini kando ya darubini, waliandika saa mbalimbali. Safari za miezi na miaka, watu waliokufa njiani, na mwisho hesabu inagombana.

Janssen akasema jicho lisiulizwe. Foto iulizwe. Lakini foto moja haitoshi, juu haujui ni wakati gani utaipiga. Lazima upige nyingi, mbele ya nafasi ile, ndani yake na nyuma yake, na saa ihesabu kila moja. Mwaka 1873 aliliweka wazo lile mbele ya baraza, na pamoja na fundi wa saa wa Paris aliyeitwa Redier wakatengeneza mashini. Alichukua mufano kwa bastola ya marekani, ile ya risasi sita inayozungusha tumbo lake. Fasi ya tumbo la risasi akaweka sahani ya mviringo. Sahani inazunguka kidogo, inasimama, mwanga unapita kwa tundu, inafungwa, sahani inazunguka tena. Springi ya saa ndiyo inasukuma vyote. Kwa sekunde 72 foto 48 zinapangwa kuzunguka sahani moja, moja kila sekunde moja na nusu. Na sahani yenyewe ilikuwa ya namna ya zamani, ile ya Daguerre: shaba iliyopakwa feza. Watu wengine walikuwa wameacha shaba zamani, wakatumia kioo na karatasi. Janssen alirudi kwake juu picha ya sahani ile ina ukingo safi, haivutike wala haipanuke.

Kwa tarehe 9 Desemba 1874 mataifa yalituma watu pembe zote za dunia. Janssen alikwenda Japani, na muke wake Henriette alifuatana naye. Alichagua mulima juu ya Nagasaki, wakapandisha masanduku mengi kule, wakajenga vibanda vya mbao. Akatuma wengine Kobe, kwa hesabu ya kuogopa mawingu, maana Oran ilikuwa imemufundisha. Aliyewekwa kuzungusha bastola alikuwa kijana wa Brazil, Francisco Antônio de Almeida. Siku ile mawingu yalipita pita, yakafunga, yakafungua. Lakini doa liliingia ndani ya Jua machoni pao, na mashini ikafanya kazi. Telegramu ikaondoka Paris kusema imewezekana.

Tusidanganye musomaji: umbali wa Jua uliotoka katika foto za mataifa yote mwaka ule haukuwa safi sawa walivyotumaini. Na sahani ya bastola inayoonyeshwa zaidi leo, waliochunguza wanasema ni ile ya kujaribia, Zuhura ya uongo mbele ya Jua la uongo, kwa mazoezi. Lakini mashini yenyewe haikusahauliwa. Muganga mumoja, Étienne-Jules Marey, aliyetaka kujua ndege anarusha mabawa namna gani, alichukua wazo la Janssen, na mwaka 1882 akatengeneza bunduki ya foto inayopiga 12 kwa sekunde moja. Kutoka kwa Marey na wengine njia inakwenda mupaka kwa ndugu Lumière, mwaka 1895. Janssen mwenyewe alikuwa amewaza mbele: alipoonyesha bastola kwa wapiga foto wa Paris mwaka 1876, alisema itafaa hata kufuata mwendo wa wanyama.

Na hapa inakuja jambo linalotufurahisha. Juni 1895 wapiga foto wa Ufaransa walifanya mukutano wao Lyon, na mukubwa wa mukutano alikuwa Janssen, muzee wa miaka 71. Lumière aliwangojea wakishuka kwa meli ya muto kule Neuville, akawapiga filimu. Akapiga tena Janssen akizungumza na bwana mumoja wa pale. Siku chache tu, nao wakakaa ndani ya chumba cha giza wakajiona wanatembea ukutani. Baba wa bastola akaona mwenyewe muguu wake unavyochechemea.

Tumeruka mambo. Mwaka 1875 serikali ilimukubalia nyumba ya kuangalilia Jua, akachagua kasri ya Meudon, iliyounguzwa na vita, kuta tupu na nyasi. Akaijenga. Toka 1876 mupaka 1903 wakapiga pale foto za Jua zaidi ya 6.000. Mwaka 1882 alikwenda Oran kwa Zuhura ya pili. Safari hii Oran ilimuhurumia, akaona. Mwaka 1883 alikwenda kisiwa kidogo katikati ya Pasifiki kwa kivuli cha dakika tano. Oktoba 1884 alikuwa Washington, wakati mataifa yalipochagua mustari wa kuanzia kuhesabu saa za dunia. Alitaka mustari usiopita katika inchi ya mutu yeyote, alishindwa, wakachagua Greenwich ya Waingereza. Ufaransa haikupiga kura. (Mwezi uliofuata wakubwa wengine walikutana Berlin juu ya kaarta ya Afrika. Mistari ile ilitufikia pia.)

Jambo la mwisho tunataka kulisema pole pole, juu wachimbaji watalielewa kupita wanasayansi. Janssen alitaka kuhakikisha kama oksijeni inayoonekana katika mwanga wa Jua ni ya Jua ao ni ya hewa yetu. Lazima apande juu sana. Akataka Mont Blanc, metri 4.807, teluji tupu. Kwa mutu anayechechemea kwa kutembea chumbani! Mwaka 1888 waongozi wa Chamonix walimubeba mupaka katikati, ndani ya kitu kama ngazi yenye kiti. Mwaka 1890, miaka 66, walimuvuta na kamba juu ya gari la teluji mupaka kilele. Alipima. Ilionekana oksijeni ile ni ya kwetu.

Kiisha akataka nyumba kule juu, ikae siku zote. Eiffel, yule wa munara, alikubali kusaidia kama mwamba utapatikana chini ya barafu. Mwaka 1891 wakapiga shimo la kulala, metri 12 hivi chini ya kilele, wakachimba ndani ya barafu makumi ya metri. Watu wa kazi walikuwa kwa upepo wa kuua, hewa nusu, vidole vinakufa. Daktari kijana mumoja aliyepanda kule alikufa na ugonjwa wa mulima. Mwamba haukupatikana. Eiffel akaacha, na wengi waliona ameacha kwa akili. Janssen hakuacha. Akasema nyumba itasimama juu ya teluji yenyewe, kama meli juu ya maji. Ilijengwa ya mbao Meudon, ikafunguliwa, wapagazi wakaipandisha kipande kwa kipande kwa muda wa kiangazi mbili. Mwaka 1893 ilisimama. Muzee akavutwa tena, miaka 69, fasi zingine kwa treuil iliyofungwa ndani ya barafu, akalala mule ndani na kufanya kazi.

Tuliuliza wenyewe kama alikuwa na haki kuomba watu wengine wabebe mwili wake mupaka kule. Waongozi walilipwa, ni kweli, na wengi walimupenda. Lakini vidole vilivyogandishwa shimoni havikuwa vyake. Na barafu haikuwa maji: nyumba ililala upande, ikazama kidogo kidogo kila mwaka. Iliondolewa mwaka 1909.

Yeye hakuona. Mwaka 1905, miaka 81, alikwenda Ispania kwa kivuli cha mwisho cha Mwezi. Alikufa Meudon tarehe 23 Desemba 1907, akazikwa Paris katika makaburi ya Père-Lachaise.

Iko shimo kubwa juu ya Mwezi, upande wa kusini, upana karibu kilometri 200, kuta zake zimechakaa, mashimo mengine yamechimbwa ndani yake. Linaitwa Janssen. Mwezi ukiwa wa siku ine ao tano, darubini ndogo inatosha kuliona. Nyota ikikatika kwenye ukingo wenye giza, wanaopiga filimu hawafunge kamera. Wanangoja, karibu saa moja mara ingine, na nyota inatokea tena ngambo, kwa ule upande liliko shimo lile.